Upande wa Mama

Shika Adabu, Likoni
8 Julai 1962

Nguma wangu, mume wangu,

Nimeandika "mume wangu" nikaweka kalamu chini, nikayatazama maneno hayo mawili mpaka wino ukakauka. Shuleni tulifundishwa kwamba barua njema huanza na habari za afya. Basi afya yangu ni hii: natabasamu peke yangu nikitwanga, natabasamu nikiteka maji, na juzi nilitabasamu kivukoni mpaka mkata tiketi akaniuliza tulijuana wapi.

Mama yako hajambo. Ananifundisha kupika mchicha wa nazi kwa namna unavyoupenda, na kila nikikosea husema, "Huyo Nguma atakula tu, alikula hata udongo alipokuwa mdogo." Usiku tukishafunga mlango najua uko bwenini huko Nairobi, unafundishwa mambo ya umeme ili urudi kwenye mtambo wa Kipevu ukiwa fundi mkubwa, na najua Desemba si mbali. Lakini tumekaa pamoja wiki mbili tu tangu harusi, mpenzi. Ni kama mtu kuonjeshwa halua kisha sinia likaondolewa.

Leo ndiyo tunaanza, na umeahidi: Jumapili na Jumatano, baada ya chakula cha jioni, sura moja, wewe kwa Biblia yako na mimi kwa yangu, tangu Mwanzo. Baba alipotupa zile Biblia mbili siku ya harusi, zinazofanana kama pacha, shangazi zangu walinong'ona kwamba bora angetupa sufuria. Mimi singezibadilisha kwa sufuria zote za Mombasa. Nikifungua ukurasa nitajua macho yako yako kwenye mstari uo huo, na kwangu mimi huko ni kushikana mikono.

Nikuambie siri. Nimebatizwa nikiwa mchanga, nimeimba kwaya, nimepata zawadi ya Maandiko shuleni, na sijawahi kuisoma Biblia isipokuwa kwa ajili ya kujibu maswali. Ulipoanza kuniandikia wakati wa uchumba ndipo nilipojua kusoma ni nini. Unarudia mstari mmoja mara nyingi, unatafuta mahali ulipotajwa. Nataka kuisoma hivyo, kama barua niliyoandikiwa mimi.

Mama ameniona nimeishika akaniuliza mtihani ni lini.

Wako, wako kabisa,
Rosalia

*

Nairobi
16 Julai 1962

Rosalia, nuru ya nyumba yangu,

Barua yako nimeisoma darasani chini ya meza. Mwalimu wetu Mzungu akaniuliza kuna nini cha kuchekesha katika nyaya.

Nimesoma sura ya kwanza kwa sauti, maana wenzangu wawili chumbani walitaka kusikia. Tulipofika pale Mungu aliposema iwe nuru ikawa nuru, mmoja wao, kijana wa Kisumu, akasema, "Yeye neno moja, sisi miezi sita." Tulicheka mpaka mlinzi akagonga mlango. Tazama basi, tayari unanifanya mhubiri.

Huku ni baridi. Nalala na soksi. Nakuwaza ukiwa umejifunga leso ile ya manjano, na baridi inapungua kidogo.

Neno moja. Mama yangu anapenda sana habari za koo za watu. Ni mzee wa Kiduruma, ndivyo walivyo. Akikuuliza habari za kwenu, usijisumbue kumweleza. Mwambie Nguma amekwisha kusema yote.

Mumeo anayekupenda kuliko umeme,
Nguma

*

Shika Adabu
30 Julai 1962

Laazizi wangu,

Nina habari ya kukufurahisha hata utupe hizo soksi. Mama ananipenda. Sisemi ananivumilia, nasema ananipenda, na nina ushahidi.

Jana tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na yeye na jirani yetu Mwanatatu, yule Mdigo anayesuka makuti. Mama akaanza kunieleza jambo la nyumba yenu ambalo wewe hukunieleza, mwizi wewe. Akasema kwenu mtoto ana koo mbili, wa baba na wa mama, na ule wa mama ndio unaomzika na kumlilia. Kwa hiyo katika nyumba yake bibi arusi husimamishwa mlangoni mavuno yakiisha, mavyaa humwaga maji yenye unga kizingitini na kuwaita mama zake mmoja mmoja kwa majina, ili watoto watakaozaliwa wapate upande wa pili. Asiyeitiwa, watoto wake huwa kama mtu mwenye mguu mmoja. Alisema hivyo akiupiga mguu wake.

Niliogopa, Nguma. Unajua kwa nini. Unajua sisi watu wa Misheni pale Kisauni tumetoka wapi, na jinsi majina ya mama zetu yanavyokatika njiani. Nikakumbuka maneno yako, nikajibu kwamba wewe umekwisha kusema yote. Akacheka, akasema, "Ninayo yote, mwanangu. Nimeyashika kichwani." Kisha akanishika shavu kwa mkono wenye vumbi la mahindi.

Basi amejua, na bado amenishika shavu. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi. Umeongea naye vizuri namna gani hata akakubali? Nilikuwa naogopa siku hii tangu uliponiposa, na kumbe ulikwisha kuniondolea mwiba kimyakimya. Ningekuwa Nairobi ningekukumbatia mbele ya mwalimu wako Mzungu.

Ile sura ya tano ilinichosha, nakiri: fulani akamzaa fulani, akaishi miaka mia kadhaa, akafa. Wanaume watupu. Nikajiuliza mama zao walikuwa akina nani. Lakini leo hata orodha hiyo naiona tamu.

Mwenye furaha kupita wote Likoni,
Rosalia wako

*

Shika Adabu
17 Agosti 1962

Nguma,

Jumatano walikuja wahesabu watu. Kwetu alikuja mwalimu mmoja wa hapa Likoni, mpole, ana karatasi na penseli. Tukampa kiti. Unajua siku hizi kila mtu anaulizana ni wa wapi, huyu anasema Mwambao ujitenge na Kenya, yule anasema Uhuru ni wa wote. Basi hata yeye alipouliza kabila, aliuliza kwa sauti ya chini kama anauliza umri wa mwanamke.

Alipofika kwangu nilifungua mdomo. Mama akanitangulia. "Andika Mrabai," alisema. "Baba yake ni mwalimu tu wa pale Misheni, lakini kwa mama ni Mrabai." Akataja ukoo ambao sijapata kuusikia. Akataja bibi yangu, na bibi wa bibi yangu, mpaka wanne, kwa fahari, kama anayeonyesha vyombo vyake vya kabatini. Mwanatatu alikuwa uani akaitikia, mashallah.

Nami nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa na ulimi wangu kinywani na nikanyamaza, mwalimu akaandika.

Umenivalisha bibi za watu, mpenzi wangu. Wangu ni hawa: mama yangu Damari, mama yake Tabitha, na mama yake Fibi. Fibi alishushwa na manowari ya Waingereza akiwa mtoto asiyefika kiunoni mwa mtu, baada ya kunyang'anywa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa huko baharini. Jina la Fibi alipewa ubatizoni. Alipoulizwa mamake alikuwa akimwita nani, hakukumbuka. Hapo ndipo ukoo wangu unapoishia, au unapoanzia, sijui.

Kuna zaidi. Mama ametuma salamu Rabai, kwa watu wa ukoo huo, waje mwisho wa Septemba nitakapoitiwa. Ananunua mchele.

Jumatano ile ile nilisoma sura yetu, ya kumi na mbili. Mungu anamwambia Abramu aache nchi yake na jamaa zake na nyumba ya babake. Nikakaa na mstari huo muda mrefu. Abramu aliwaacha watu wake kwa hiari, Fibi alinyakuliwa. Nikauliza kwa sauti kama Mungu humwambia neno pia yule aliyenyakuliwa. Sikusikia kitu. Lakini nakuambia kweli, Nguma, katikati ya aibu yote ile nilihisi kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. Nitaendelea kusoma.

Nijibu upesi. Bado nakupenda, na ndiyo maana nina hasira.

Rosalia

*

Nairobi
22 Agosti 1962

Rosalia wangu,

Ni kweli, nilisema. Nilipomwambia Mama nataka kuoa Kisauni, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba watoto wa Misheni hawana mama wa mama. Nilijua akishasema hivyo mara ya pili hatarudi nyuma. Kuna Mrabai mmoja ninafanya naye kazi Kipevu. Nikamwomba majina ya bibi zake, akanipa kwa pakiti ya sigara, akicheka. Nilijiambia ni maneno tu, na maneno hayana uzito kama wewe.

Sikujua kuhusu mchele. Sikujua angetuma watu Rabai.

Nakuomba ukae kimya mpaka nije Desemba. Mwambie unaumwa, asogeze siku. Nikiwapo nitamweleza mwenyewe. Wewe ukimwambia sasa utabaki peke yako naye, nami niko maili mia tatu mbali.

Nami nimesoma sura ya kumi na mbili. Umeona kwamba hata Abramu, mtu wa Mungu, alipoogopa alisema mkewe ni dadake? Nami nilimficha mke wangu kwa kuogopa kumkosa.

Nisamehe.
Nguma

*

Shika Adabu
31 Agosti 1962

Nguma, mume wangu mpendwa,

Kaa chini kabla hujaendelea. Umekaa? Nina mambo mawili makubwa, moja la furaha na moja la kutisha, na la furaha ndilo lililozaa la kutisha, kwa hiyo litangulie.

Kwanza nikujibu kuhusu Abramu wako. Hukufika mwisho wa sura, ninakujua. Farao anamrudishia mkewe na kumuuliza kwa nini hakumwambia kweli, na Abramu hana hata neno moja la kujibu. Soma tena.

Sasa, sikiliza. Juzi Jumatano ilikuwa sura ya kumi na sita. Nilikuwa nimechoka, Mama yuko uani na Mwanatatu, taa inatoa moshi. Nikasoma habari za Sarai na mjakazi wake Mmisri, Hajiri. Hadithi hii nimeisikia tangu shule ya Jumapili, na siku zote nilifundishwa kwamba Hajiri alikuwa na kiburi. Nikaisoma kama unavyojua ninavyosoma barua zako, neno kwa neno. Na nikaona kitu.

Hakuna mtu wa nyumba ile anayemwita kwa jina. Sarai anasema mjakazi wangu. Abramu anasema mjakazi wako. Wanampeana mkono kwa mkono, wanamtumia, wanamtesa, na hakuna anayesema Hajiri. Anakimbilia jangwani akiwa mjamzito. Na huko, penye kisima cha maji, malaika wa Bwana anamkuta, na neno la kwanza kabisa linalotoka mbinguni kwenda kwa mwanamke huyo ni jina lake. Anamwita Hajiri. Kisha anamuuliza ametoka wapi na anakwenda wapi.

Nguma, niliinuka nikaangusha kiti. Mtumwa. Mtoto wa nchi nyingine, hana ukoo, hana mtu wa kumwita mlangoni, na Mungu anamjua jina. Na hakuishia hapo. Yeye naye akampa Mungu jina, akamwita Mungu anionaye. Abramu na mifugo yake yote alikuwa bado hajafanya hivyo. Mjakazi ndiye aliyefanya.

Nilimfikiria Fibi kwenye manowari, mdogo vile, amezungukwa na watu warefu wanaoandika. Wakamuuliza jina, akakosa. Na wakati huo huo kuna Mmoja aliyekuwa analijua, lile la kwanza, alilopewa na mamake. Hakulisahau. Analo mpaka leo. Na langu analo, na alikuwa nalo siku niliyonyamaza mbele ya mwalimu, na hakunionea haya. Nililia kwa furaha mpaka Mwanatatu akaja kuuliza kama nimepata habari za msiba.

Kwa miaka yote nilidhani mimi ni mtu aliyekosa kitu, na kwamba nikiwa mwema, nikisoma sana, nikiolewa vizuri, watu hawatagundua. Sasa najua nilikuwa napendwa kabla sijaficha chochote. Unaelewa jinsi mwili unavyokuwa mwepesi? Ningeweza kuvuka kwenda Mombasa bila feri.

Basi baada ya kujua hivyo, singeweza kuvaa tena bibi za Mrabai wako wa sigara. Nisingeweza hata kama ungelia. Asubuhi nilipiga magoti mbele ya Mama, nikamshika miguu, nikamwambia kila kitu: manowari, Fibi, na kwamba hata mimi nilinyamaza. Sikukusingizia wala sikukufunika.

Akaweka kikombe chake cha chai chini. Kisha akasema, "Miezi miwili nawaamkia wafu wa watu." Akainuka, akatia leso mbili kikapuni, akapanda basi kwenda kwa mjomba wako Mariakani. Hakuniaga.

Naogopa, na nina furaha. Vyote viwili vimekaa kifuani kwangu na wala havigombani.

Mkeo,
Rosalia

*

Nairobi
5 Septemba 1962

Rosalia,

Nimepata barua ya mjomba siku moja na yako. Anasema Mama hali chakula vizuri na hasemi na mtu. Anasema nyumba yetu haijawahi kuingiza mke kwa uongo, na kwamba urudishwe kwa baba yako mpaka nije, wazee waamue kama ndoa hii ina mguu.

Nimeomba ruhusa nikakataliwa. Nikiondoka bila ruhusa nitafukuzwa Kipevu. Nimezunguka uwanja wa mafunzo kama mbuzi aliyefungwa kambani.

Rudi Kisauni, mpenzi. Chukua feri kesho, ukae na baba yako. Sitaki mjomba aje kukutoa mlangoni mbele ya majirani.

Nimesoma ile sura ya kumi na sita. Nilikuwa nimeiruka, nilitaka kufika mbele upesi. Nimeisoma sasa mara tatu. Mara ya tatu niliona kwamba Abramu katika sura ile hafanyi lolote kumtetea Hajiri. Anasema, yuko mkononi mwako, mfanyie upendavyo. Niliona aibu kama nimeandikwa mimi. Kumbe nawe ulikuwa hivyo ulipoisoma, ila wewe ulijiona unapendwa, nami nilijiona mwoga. Kijana wa Kisumu anasema labda ni barua ile ile imefika nyumba mbili.

Nimemwandikia mjomba kwamba kosa ni langu lote. Sijui kama litasaidia.

Nguma

*

Shika Adabu
11 Septemba 1962

Mume wangu,

Sirudi Kisauni. Usikasirike. Nimefagia ua, nimechoma majani, mihogo ya Mama nimeipalilia, na mchele wake nimeuanika usiingie wadudu. Mjomba akija atanikuta kazini.

Ile barua yako ya "niliona aibu kama nimeandikwa mimi" nimeibusu. Kweli. Mume anayejua kusoma namna hiyo hana cha kunitisha.

Nikueleze la Mwanatatu, maana limenipa nguvu. Alinijia na makuti yake akakaa kizingitini, akaniuliza ni kitabu gani kinanifanya nilie na kucheka kwa wakati mmoja. Nilimsomea habari za Hajiri. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lakini huyo ni Bibi Hajar, mamake Ismail. Unamwambia nani?" Akanieleza jinsi alivyokimbia huku na huku kati ya vilima viwili akimtafutia mwanawe maji, na kwamba mahujaji wote mpaka leo, masultani na matajiri, lazima wakimbie pale pale alipokimbia yeye. "Mjakazi alikimbia kwa kiu," akasema, "na dunia nzima inamfuata nyayo. Wewe unalia nini?" Yeye ana dini yake nami nina yangu, mpenzi, lakini tulikaa pale kizingitini kama watoto wawili waliogundua kwamba wana shangazi mmoja.

Nami sasa nikuambie lililonifanya nikatae feri. Hajiri alipokuwa kisimani hakuwa peke yake. Alikuwa na mtoto tumboni, akaambiwa Mungu amesikia.

Nguma, nami siko peke yangu. Mkunga alinipapasa jana. Ni mapema bado, lakini yupo.

Kwa hiyo unaona kwa nini sijifichi. Upande wa mama wa mtoto huyu ni mimi. Sitaki aanze maisha yake kwa kuazima. Ataambiwa habari za Fibi, na ataambiwa kwamba kuna anayemwona. Kama Mama atakataa kumwaga maji, nitalia, maana nampenda, na nataka mwanangu apate bibi. Lakini mtoto hatakuwa na mguu mmoja. Nimelijua hilo kwa Mungu mwenyewe, wala silijui kwa kukisia.

Naimba siku nzima. Mwanatatu anasema kuku wameacha kutaga.

Wako na wa huyu mdogo,
Rosalia

*

Shika Adabu
30 Septemba 1962

Kwa mwanangu Nguma,

Ni mimi mama yako Kahaso. Anaandika mkeo, kwa kuwa wewe uliyesomeshwa hukunifundisha mimi hata kuandika jina. Nimemwambia aweke kila neno kama linavyotoka. (Ya Mama ni haya, mpenzi. Yangu nitayaweka katika mabano.)

Nilikwenda Mariakani na hasira. Hasira yangu haikuwa ya ukoo. Ilikuwa kwamba kila asubuhi nilikuwa nawaamkia mama za watu wasionijua, na mwanangu mwenyewe anajua. Nimezaa mtu wa kuniona mjinga. Wale wa Rabai walipopelekewa habari wasije, dada ya yule rafiki yako alicheka mpaka akakaa chini, akasema bibi yake hajapata kuuzwa kwa sigara. (Mama amecheka hapa. Amenikataza kuandika hilo.)

Mjomba wako akasema mke arudishwe kwao. Nikamuuliza, kwao ni wapi? Akasema Kisauni. Nikasema basi kumbe ana kwao. Akaomba tumbaku.

Halafu nikalala nikawaza. Mke huyu alikuwa na bibi wanne wazuri, wamekwisha kukubaliwa, na mchele umenunuliwa. Angenyamaza, nani angejua? Akawarudisha wote wanne kwa mkono wake mwenyewe, akabaki bila kitu. Mtu harudishi nguo ya kuazima akabaki uchi. Huyu ana nguo nyingine ndani. Nikarudi kuiangalia.

Nilimkuta anapalilia. Sikumsalimu, nikamwambia, nisomee hicho ulichokisoma. Akanisomea yule mwanamke wa jangwani. Nikamwambia, rudia. Akarudia.

Nikamuuliza, "Huyo Mungu alipomuuliza unatoka wapi, alikuwa hajui?"

Akasema, "Alijua, Mama."

"Sasa aliuliza ya nini?"

Akasema, "Labda alitaka kusikia sauti yake. Tangu aingie nyumba ile, hakuna aliyemuuliza neno."

Hapo nikakaa chini penye mihogo. Miaka ile nilipoletwa katika nyumba hii, watu walinihesabia mama zangu kumi na mmoja, na hakuna aliyeniuliza mimi natoka wapi. (Mama, hili niliandike? Anasema niandike.)

Jana tumemsimamisha mlangoni. Mkeo alisema hataita wafu, yeye atamshukuru Mungu wake. Nikamwambia, wewe shukuru, mimi nitaita, mlango ni mpana. Wanawake walijaa. Wengine walikuja kuona Mmisheni atataja nani. Niliwaita wangu wote, kila mmoja na maji yake. Nilipofika upande wake nikasema, haya, sema mwenyewe.

Akasema, "Mimi ni Rosalia, binti Damari, binti Tabitha, binti Fibi. Na mama yake Fibi simjui jina, naye hakulijua langu. Mungu anatujua sote wawili, na ametupenda sote wawili."

Nilikuwa na maji mkononi. Kwetu maji humwagwa kwa jina, na huyo hakuwa na jina. Nikamfikiria mama yule, jioni moja huko kwao, anamwita mtoto aje kula, anaita, haitikiwi. Mpaka akafa hakujua mtoto alikwenda wapi. Hakujua kwamba amekuja huku kwetu, akazaa, na uzao wake umesimama mlangoni kwangu na tumbo. Nikayamwaga yote yaliyobaki kwenye kibuyu, pale pale, kwa ajili yake.

Wanawake walipiga vigelegele mpaka wa kule ufukoni Shelly wakadhani ni arusi. Mwanatatu alianza yeye. Mchele tumeupika.

Basi mtoto ana upande wa mama. Mimi nimesema, na mjomba wako alikuwapo, akala sahani mbili.

Wewe ukija utakwenda Rabai kwa miguu yako, uwaombe radhi wenye bibi zao. Karatasi imekwisha.

Mama yako,
Kahaso (ameweka kidole gumba; wino umeenea mpaka kwenye leso yake)

Na mwandishi wake, anayekungoja,
Rosalia binti Damari binti Tabitha binti Fibi